Mia Tatu kwa Mwezi

Mzozo huu wa bima ya afya nimeusikia tangu Oktoba 2024, mwezi ambao Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF. Nimeusikia kwenye vituo vya kununulia majani chai, kwenye foleni za dawa, kwenye mikutano ya kupanga mazishi. Kila mara watu hugawanyika pande mbili, na pande hizo ni za zamani kuliko SHA yenyewe. Wapo wanaoamini kwamba bima ya jamii ni hesabu: jua watu ni wangapi, jua uwezekano wa kuugua, panga mchango, mengine yatajipa. Wapo wanaoamini kwamba ni taasisi: nani anashika pesa, nani anaandika, na akikosea ataitwa mbele ya nani. Hata wachumi wa vyuo vikuu wanavutana hivyo.

Nimewapandisha wasemaji wangu ndani ya matatu moja inayotoka Embu kwenda Meru. Si watu niliowarekodi. Kila mmoja nimemshona kutokana na wengi niliowasikia. Mwalimu anafundisha hisabati katika sekondari upande wa Runyenjes. Mzee Katibu aliandika vitabu vya ushirika wa kahawa kule Imenti hadi alipostaafu, na sasa ni katibu wa kikundi cha kusaidiana chenye watu 30. Kijana analima muguka, aina ya miraa, kule Mbeere, karibu na Kiritiri, na ana mke na watoto wawili. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwake na gari lilikuwa bado halijajaa.

KIJANA: Mwalimu, samahani, niangalizie hapa. Nimejibu maswali yote ya SHA. Ukuta ni wa nini, paa ni la nini, maji nateka wapi, choo ni cha aina gani, nina ng'ombe wangapi. Sasa wananiambia ni shilingi 825 kwa mwezi, na nilipe za mwaka mzima mara moja.

MWALIMU: 9,900. Sheria inasema asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na isipungue mia tatu kwa mwezi. Ukigawanya 825 kwa 2.75 kisha ukazidisha kwa mia, unapata elfu thelathini. Wamekisia kwamba nyumba yako inaingiza elfu thelathini kila mwezi.

KIJANA: Upo mwezi ambao naingiza. Lakini Mei 2024, Mombasa walipopiga muguka marufuku, Kilifi wakafuata, kisha Taita Taveta, mbona hawakuja kuniuliza mwezi huo? Magunia yalioza. Mahakama ya Embu iliposimamisha ile marufuku, mimi nilikuwa nimeshauza mbuzi.

KATIBU: Sikia hilo, mwalimu. Mashine imehesabu mabati, haikuhesabu Mei.

MWALIMU: Mzee, hebu tusianze na kosa. Tuanze na sababu. Kikundi chenu kina watu 30, sivyo? Tuseme, kwa mfano tu, kila mwaka mtu mmoja kati ya mia anapata ugonjwa wa kulazwa unaogharimu laki tatu. Mchango wa haki ni shilingi 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Mko 30, mna elfu tisini. Karibu miaka mitatu kati ya kila minne hakuna atakayeugua. Mwaka anaougua mmoja, anahitaji laki tatu nanyi mna elfu tisini.

KATIBU: Tungekuwa tumeweka akiba ya ile miaka mingine.

MWALIMU: Si mnagawana Desemba?

Katibu aliangalia nje kidogo.

KATIBU: Tunagawana. Watu wana karo Januari.

MWALIMU: Basi kila Januari mnaanza na sifuri. Akiugua mmoja, kila mwanachama anatakiwa kutoa elfu kumi, si elfu tatu. Wakiugua wawili mwaka mmoja, elfu ishirini. Sasa chukua watu elfu thelathini wenye bahati ileile. Wagonjwa watakuwa kama 300, na miaka mingi sana hawatapungua 265 wala kuzidi 335. Maana yake mchango wa kila mtu unaohitajika hautoki nje ya 2,650 na 3,350. Ugonjwa wa mtu mmoja haujulikani kabla, lakini ugonjwa wa elfu thelathini unajulikana karibu kama tarehe ya mitihani. Huo si uchawi, na wala si serikali. Ni wingi wa watu tu.

Hapa ninasimama upande wa Mwalimu bila kusita. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya mchango wa hospitali, na najua kinachotokea pale hesabu hii inapopuuzwa. Mtu mzima anasimama mbele ya majirani na kutangaza ugonjwa wa mke wake kupitia kipaza sauti cha kukodi. Mwenye kitabu anaandika: mia mbili, mia tano, ahadi, ahadi. Ahadi ndizo nyingi. Wengi wanaotoa wana mgonjwa wao nyumbani, na mwezi ujao watasimama palepale. Tunauita mshikamano, na ni mshikamano kweli, lakini ni mfuko unaoanzishwa upya kila siku, ukiwa mtupu, huku mgonjwa ameshalazwa.

Gari lilijaa, tukatoka. Baada ya Runyenjes Katibu alirudi kwenye mjadala akiwa amejipanga.

KATIBU: Mwalimu, hao elfu thelathini wako uliwapata wapi?

MWALIMU: Ni mfano, mzee.

KATIBU: Najua ni mfano. Nakuuliza walifikaje kwenye mfano. Mimi nina 30 kwa sababu 30 ndio ninaoweza kuwajua. Tuna kanuni. Ukichelewa mkutano ni shilingi hamsini. Kitabu kinasomwa kwa sauti, jina kwa jina, kila Jumapili ya pili. Pesa haitoki benki bila sahihi tatu. Mtu akisema amelazwa, wanachama wawili wanakwenda hadi kitandani, wanamwona, wanarudi kutueleza. Hayo yote nimeyaandika kwa miaka kumi na moja. Wewe umeandika elfu thelathini kwa nukta moja ya kalamu. Nani kawaona? Nani kawadai? Atakayelipa Januari asilipe Februari, nani atamgongea mlango?

MWALIMU: Ndiyo maana sheria ikalazimisha. Ukiacha kila mtu ajiamulie, wanaoingia ni wagonjwa na wazima wanakaa nje. Pale NHIF mtu asiye na mwajiri alilipa 500 kwa mwezi. Wengi walijiandikisha baada ya daktari kusema upasuaji, wakalipa miezi michache, wakapona, wakaacha. Ndipo mwaka 2020 wakaambiwa walipe mwaka mzima kwanza na wasubiri siku tisini. Siyo roho mbaya, mzee. Mfuko ambao wazima wameutoroka unapandisha mchango, mchango ukipanda wazima zaidi wanatoroka, mwisho mnabaki na wodi isiyo na wachangiaji. Wachumi Rothschild na Stiglitz walilionyesha kwa hesabu mwaka 1976.

KIJANA: Basi ndiyo maana wananidai 9,900 kwa mkupuo?

MWALIMU: Ndiyo maana.

KIJANA: Kwa hiyo wananifungia nje kwa sababu wanaogopa nitatoroka. Na kweli niko nje.

Maneno hayo ya Kijana yana uzito kuliko anavyodhani. Kanuni ya kulipa mwaka mzima ilitungwa kuwazuia wajanja wanaosubiri kuugua. Mtu asiye na 9,900 mkononi na mtu mjanja wote wanaonekana sawa kwenye mashine: hawajalipa. Mwaka 2025 waliosajiliwa SHA walipita milioni 20, lakini walio nje ya ajira rasmi wanaolipa kweli ni sehemu ndogo ya hao. Serikali yenyewe iliona, ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambamo mtu anakopeshwa mchango wa mwaka kisha anaurudisha kidogo kidogo. Ni hatua. Lakini angalia ilivyo: tumemdai mtu pesa ambazo hana, halafu tumemkopesha azilipe.

Watu waliosisitiza taasisi wangemwelewa Katibu haraka. Kansela Bismarck alipoanzisha bima ya ugonjwa Ujerumani mwaka 1883, hakutafuta watu barabarani. Alijenga juu ya mifuko iliyokuwepo tayari, ya vyama vya mafundi, ya viwanda na ya machimbo, na akaukata mchango kwenye mshahara, theluthi mbili za mfanyakazi na theluthi moja ya mwajiri. Mchumi John R. Commons wa Wisconsin, Marekani, alitumia maisha yake kuchunguza sheria, mahakama na makubaliano ya viwandani, akiamini kwamba mwajiri anayelipia ajali atazipunguza ajali. Jimbo hilohilo lilipitisha sheria ya kwanza ya bima ya kukosa kazi nchini mwao mwaka 1932. Hao walianza na mlango ambao pesa zinapitia. Hata NHIF yetu ya 1966 ilianza hivyo: shilingi ishirini kwa mwezi kwa anayepata mshahara wa 1,000 au zaidi. Hesabu yake ingefanywa na mtoto wa darasa la tatu. Iliyoibeba ni ofisi ya mishahara, ambayo inakata kabla mtu hajaiona pesa.

Na kuna jambo ambalo wanahisabati wengi hulipita mbio. Kenneth Arrow, ambaye makala yake ya 1963 kuhusu tiba na mashaka ndiyo iliyozaa fani nzima ya uchumi wa afya, hakuishia kwenye milinganyo. Aliona kwamba pale soko linaposhindwa kubeba mashaka ya ugonjwa, jamii huzaa taasisi nyingine za kuziba pengo hilo: maadili ya udaktari, leseni, imani kati ya mgonjwa na anayemtibu. Mwanahisabati mkubwa kuliko wote katika jambo hili aliufungua mwenyewe mlango ambao Katibu anaugonga.

Tulipokaribia daraja la Nithi, mazungumzo yalikatika. Hukatika kila mara. Dereva anashusha gia, kona inageuka ikiteremka, na hata utingo hutulia. Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tulivuka, tukaanza kupanda upande wa pili, na mama mmoja kiti cha mbele akasema amina. Mwalimu alisubiri hadi gari likashika mwendo.

MWALIMU: Mzee, kikundi chako kingefanya nini na basi lile, kama kumi kati ya wanachama wako wangekuwamo?

KATIBU: Tungezika.

MWALIMU: Na figo? Kusafishwa damu, bei iliyotangazwa na SHA ni shilingi 10,650 kwa kikao. Mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, ni milioni moja, laki moja na 7,600. Anayelipa kile kiwango cha chini, mia tatu kwa mwezi, analeta 3,600 kwa mwaka. Mgonjwa mmoja wa figo anabebwa na watu 308 ambao mwaka huo hawatapata hata panadol kutoka kwenye michango yao. Wewe una 30. Utawaandikaje wengine 278?

KATIBU: Siwezi.

MWALIMU: Na mwaka unaofuata yule mgonjwa bado yupo, Mungu akipenda.

KATIBU: Nimesema siwezi, mwalimu. Sijakataa mfuko mkubwa. Ninachokataa ni mfuko usio na mtu ninayeweza kumwuliza.

MWALIMU: Na huyo unayemjua ndiye hakuibi? Nisamehe mzee, lakini baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Nakumbuka miaka ya tisini. Serikali ilipoondoa mkono wake kwenye ushirika kwa sheria ya 1997, vyama vilipasuka vipande vipande, kila kiwanda kikataka kujitegemea, madeni yakabaki kwa mkulima. Kamati zilikuwa za watu wa kijiji kilekile. Vitabu vilisomwa kwa sauti. Baba alileta cheri msimu mzima akalipwa pesa zisizotosha dawa ya kunyunyizia.

Katibu alinyamaza kitambo. Alivua kofia, akaiweka gotini.

KATIBU: Nilikuwepo. Niliandika zile barua za kugawanya chama. Nakiri kwamba sauti ya kusoma kitabu haitoshi kama hakuna mkaguzi kutoka nje. Lakini sikia, binti yangu. Baba yako alijua nani alimwibia. Alijua nyumba yake. Kwenye mkutano mkuu alisimama akamwambia, na kamati ile ikaangushwa. Huyu kijana akiambiwa elfu thelathini na simu, atasimama mkutano gani?

Hilo ndilo swali ambalo kwangu limebeba mjadala wote, na nataka kulikalia.

Namjua mjane mmoja upande wa juu wa Embu. Nyumba yake ni ya mawe yaliyochongwa vizuri, madirisha ya chuma, na juu ya mlango, kwenye saruji, mtu aliandika kwa msumari kabla haijakauka: 1977. Waliokuwepo wanaujua mwaka huo. Baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikaruka, na kwa misimu miwili wakulima wa huku wakashika pesa ambazo hawajawahi kuzishika tena. Marehemu mume wake alijenga. Leo mikahawa imezeeka, watoto wako Nairobi na wana shida zao, na mama huyo anaishi kwa ndizi, maziwa ya ng'ombe mmoja na kidogo kinachotumwa kwa M-Pesa. Paa limepakwa rangi mara mbili tu tangu hapo. Ukimwuliza ukuta ni wa nini, atajibu kweli: mawe. Paa? Mabati. Maji? Ya bomba, mradi wa kijiji ulipita. Ng'ombe? Anaye. Kila jibu ni la kweli, na jumla yake ni uongo. Fomula imesoma utajiri wa mwaka 1977 ikaugeuza kuwa mapato ya leo.

Mwalimu atasema, na ni kweli, kwamba hakuna anayeyajua mapato halisi ya mkulima, hata mkulima mwenyewe, na kwamba kukisia kwa vitu vinavyoonekana kunakaribia ukweli ukichukua watu wengi pamoja. Makosa ya juu na ya chini yanafutana. Kwa mfuko, yanafutana. Kwa yule mjane hayafutani na chochote. Yeye hana wingi. Ana nyumba moja.

Nampa Mwalimu haki yake mahali pengine ambapo wengi wanamnyima. Kwa wenye mshahara, asilimia ileile kwa wote ni haki kuliko jedwali la zamani. Aliyepata elfu ishirini alikuwa anakatwa 750 na NHIF, sasa 550. Aliyepata laki moja alikuwa anakatwa 1,700, sasa 2,750. Malalamiko makubwa tuliyoyasikia redioni yalitoka kwa hawa wa pili. Hesabu pale ilifanya kazi ya maadili, kimya kimya, na ilifanya vizuri, kwa sababu mapato yanajulikana na ofisi ya mishahara ipo.

KIJANA: Mimi sina ofisi ya mishahara.

KATIBU: Unayo, hujaiita hivyo. Muguka wako unapitia wapi?

KIJANA: Kwa wakala. Anafunga magunia, gari linaondoka jioni.

KATIBU: Na wa majani chai?

MWALIMU: Kituoni. Yanapimwa, anapewa risiti, kiwanda kinalipa kila mwezi, halafu bonasi kama Oktoba.

KATIBU: Na mbolea wanakata hapohapo. Mkopo wa sacco wanakata hapohapo. Mkulima wa Kionyo au wa Mungania hajawahi kushika pesa ya mbolea mkononi akaipeleka mahali. Ingekuwa hivyo, chai ingekuwa manjano leo. Basi kama mbolea ya mti inakatwa kwa kilo, afya ya mwenye mti kwa nini idaiwe kwa mkupuo, kwa simu, Januari, mwezi wa karo?

MWALIMU: Asilimia ya kilo. Miezi ya mvua majani ni mengi, anakatwa zaidi. Miezi ya baridi anakatwa kidogo. Jumla ya mwaka inakuwa ileile. Kwa upande wangu mfuko haupotezi kitu. Tena ninapata mapato halisi, sihitaji kuuliza paa.

Mwalimu alianza kuandika nyuma ya tikiti. Katibu alimtazama, na nilivyomwona, kwa mara ya kwanza alikuwa anamsubiri.

KIJANA: Na marufuku ikija tena?

Hakuna aliyemjibu haraka. Kijana hakuuliza tu kwa ajili yake. Juu kule Igembe wanakumbuka Juni 2014, Uingereza ilipopiga miraa marufuku, na Machi 2020, ndege za Somalia ziliposimama hadi Julai 2022. Siku soko linapofungwa, wakala, mchumaji, mwenye bodaboda anayebeba mafungu, mama anayeuza majani ya migomba ya kufungia na mwenye duka wote wanakauka wiki moja. Hesabu ya watu elfu thelathini inafanya kazi kama bahati mbaya ya mmoja haimvuti mwenzake. Hapa inawavuta wote kwa kamba moja. Kikundi cha Igembe kinachojibeba chenyewe kitaanguka siku ambayo wanachama wake wanakihitaji zaidi, hata kikiwa na watu laki moja.

Na wazee wa huku walilijua jambo hilo bila milinganyo. Wameru walikuwa na gichiaro, udugu wa kiapo kati ya makundi yaliyokaa mbalimbali. Ndugu yako wa gichiaro akija kuomba, humnyimi. Ukimnyima, laana inakufuata. Angalia ramani ya Mlima Kenya: juu kuna mvua, chini kuelekea Tharaka na Mbeere ni ukame wa mara kwa mara. Udugu uliounganisha watu wa mahali mbalimbali ulikuwa ni bima kati ya watu ambao njaa haiwapati mwaka mmoja. Mwalimu angesema uhusiano wa hatari zao ni mdogo. Katibu angesema kuna kiapo. Kimoja bila kingine kisingelisha mtu: kiapo cha majirani wanaokauka pamoja hakina chakula, na chakula cha mbali kisicho na kiapo hakifiki.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema turudishe bima yote vijijini. Mfuko lazima uwe wa nchi, ili chai ya Kericho, mishahara ya Nairobi na samaki wa Homa Bay wambebe Kijana mwezi ambao muguka umefungiwa, naye awabebe zamu yao. Lakini kupima uwezo wa mtu na kusikiliza rufaa yake kunaweza kufanyika karibu na mlango wake. Rwanda walipopanga michango ya bima yao ya afya ya jamii, walitumia ubudehe, ambapo wakazi wa kijiji walikaa pamoja na kuziweka nyumba kwenye makundi kwa uwezo wake. Ilikuwa na kasoro zake. Watu waliteta sana kuhusu kundi walilowekwa, na upendeleo upo palipo na watu. Ila pale mjane wa nyumba ya 1977 angekuwa na majirani wa kusema: huyu tunamjua, nyumba ni ya mume, pesa hakuna. Kwetu sheria imempa asilimia, na kinachomfikia kwanza ni ujumbe wa simu.

Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu tulipofika Nkubu. Katibu alikuwa ashukie hapo, lakini abiria wa mbele walikuwa na mizigo mingi, magunia ya viazi juu ya gari, tukakaa tukisubiri. Mwalimu aligeuka.

MWALIMU: Mzee, hicho kitabu cha kikundi unatembea nacho?

KATIBU: Hiki hapa. Leo nakipeleka kwa mweka hazina.

Alikitoa kwenye mfuko wa koti. Daftari la kurasa mia mbili, jalada limefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, pembe zimekuwa laini kama kitambaa. Jina upande wa kushoto, miezi juu, wino wa buluu kwa mchango, mwekundu kwa aliyelazwa.

MWALIMU: Miaka kumi na moja, watu 30. Hakuna ofisi Nairobi yenye hesabu kama hii ya mteremko wenu. Nisomee wekundu tu, mwaka kwa mwaka. Niangalie ni kweli mmoja kati ya mia.

Katibu alifungua, akaweka kidole.

KATIBU: 2014, mmoja. 2015, hakuna. 2016, wawili, huyu na mama yake. 2017, mmoja. 2018, mmoja. 2019, watatu.

MWALIMU: Mmeshapita mfano wangu mbali. 2020?

KATIBU: Hakuna.

Mwalimu alianza kuandika sifuri. Katibu alimshika mkono wa koti.

KATIBU: Usiandike hivyo. Wagonjwa walikuwepo, wanne, mmoja tulimzika Agosti. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na pesa ya kuchanga, kwa hiyo hakuna aliyepewa, kwa hiyo sikuwa na la kuandika kwa wino mwekundu.

Mwalimu alifuta sifuri kwa kidole gumba, akabaki ameshika kalamu juu ya karatasi.

MWALIMU: Nitajie majina yao, mzee.

Kondakta aligonga ubavu wa gari kumwita Katibu ashuke. Katibu alimwambia asubiri kidogo, akaanza kuyataja.